Waliozaliwa Wote Januari Mosi

Wazee wengi wa Kajiado wameandikiwa siku moja ya kuzaliwa. Tarehe hiyo haikutoka kwa mama zao, ilitoka kwenye meza ya karani, na hadi leo kuna watu wanaoilipia.

Usiku wa kuamkia mwaka mpya mji wa Kitengela, hapa Kajiado, haulali. Makanisa ya kando ya barabara ya Namanga hukesha kwa nyimbo, fataki hupasuka juu ya magorofa, na bodaboda hupiga honi hadi kuche. Asubuhi ya Januari 1 mwaka huu, mji ukiwa bado unapiga miayo, nilikuwa kwa jirani yangu nikinywa chai pamoja na mama mkwe wake, aliyekuja kuwaona wajukuu kutoka upande wa Maparasha.

Watoto wa nyumba ile walimwendea mmoja mmoja wakiinamisha vichwa, naye akawagusa utosini kwa kiganja. Wanamwita koko, yaani bibi kwa Kimaasai.

Simu yake ndogo ikalia. Mjukuu mmoja akaichukua akamsomea ujumbe. Ulikuwa wa kumtakia heri ya siku ya kuzaliwa. Koko alinyamaza kidogo, kisha akataka kujua ni nani aliyemwambia mtu huyo kwamba yeye alizaliwa leo.

Kitambulisho kikafunguliwa kutoka kwenye leso alimokifunga. 01.01.1956.

Mke mwenzake, aliyeandikishwa pamoja naye mbele ya meza ileile, ana tarehe hiyohiyo na mwaka huohuo. Lakini koko anakumbuka vizuri kwamba alipoingia kwenye boma lile kama bibi arusi, mke mwenzake alikuwa tayari na watoto wawili, na ndiye aliyemfundisha kukandika nyumba kwa kinyesi cha ng'ombe. Kwa serikali, wanawake hao wawili ni kama mapacha.

Siku iliyojaa wageni

Januari 1 ni siku yenye historia nzito. Mwaka 1804 Haiti ilijitangazia uhuru siku hiyo, baada ya watumwa kuwashinda Wafaransa. Mwaka 1863 Rais Abraham Lincoln wa Marekani alitia saini tangazo la kuwaweka huru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Mwaka 1960 ikawa zamu ya Kameruni kupata uhuru.

Kwetu Kenya siku hiyo ina kidonda. Januari 1, 2008, katika machafuko ya baada ya uchaguzi, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilitiwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto.

Na Januari 1, 1956 ndiyo siku Sudan ilipopata uhuru. Kwa hesabu ya kitambulisho, koko alizaliwa siku bendera mpya ilipopandishwa Khartoum.

Hakuzaliwa siku hiyo, na mwaka huo pia si wake. Ukimuuliza ya utotoni, jambo la kwanza analolitaja ni ule ukame uliofika kilele mwaka 1961, ng'ombe wa Kajiado walipokufa kwa maelfu na watu wakapangwa foleni ya unga wa msaada. Anakumbuka kuswaga punda kwenda kuteka maji, mdogo wake akiwa mgongoni. Kisha mvua kubwa ya mwishoni mwa mwaka huo, mabonde yakafurika na mizoga ikaelea.

Mtoto wa miaka mitano hapewi punda wala mtoto wa kubeba. Nilipokaa naye tukapiga hesabu taratibu, tulifika kwenye miaka tisa au kumi. Basi alizaliwa mwaka 1951 au 1952.

Miaka minne iliyopotea

Msomaji atauliza miaka minne ni kitu gani kwa mtu aliyekwisha kuzeeka.

Tangu mwaka 2018 serikali imekuwa na mpango wa Inua Jamii kwa Wakenya waliotimiza miaka 70, wa shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa kitambulisho chake, koko ametimiza miaka 70 Januari hii. Kwa ukame na mvua, aliitimiza angalau miaka minne iliyopita. Shilingi 2,000 mara miezi 48 ni shilingi 96,000. Fedha hizo angestahili kuziomba, lakini jina lake halingeweza hata kupokelewa.

Kwa mwingine, mwaka ulioandikwa vibaya humvuta upande wa pili. Mfanyakazi wa serikali anastaafu akiwa na miaka 60, kiwango kilichopandishwa kutoka 55 mwaka 2009. Mlinzi au mpishi wa shule ambaye karani alimwongezea miaka mitano hupelekwa nyumbani miaka mitano kabla ya wakati wake, watoto wakiwa bado wanadaiwa karo.

> Shilingi 2,000 mara miezi 48 ni shilingi 96,000. Jina lake halingeweza hata kupokelewa.

Mwaka wa vitabu viwili

Makosa haya yana mwanzo wake, na mwanzo huo una tarehe.

Usajili wa vizazi na vifo ulianza nchini mwaka 1904, wakati nchi ikiitwa Himaya ya Afrika Mashariki. Uliwahusu Wazungu. Mwaka 1906 ukapanuliwa kuwafikia Waasia. Mtoto wa mlowezi aliyezaliwa Naivasha alikuwa na ukurasa wake kitabuni. Mtoto wa Mmaasai aliyezaliwa siku ileile, ng'ambo ya mto uleule, hakuwa nao.

Mwaka huohuo wa 1904, mwezi wa Agosti, kamishna wa himaya, Sir Donald Stewart, aliwakutanisha viongozi wa Wamaasai, mkubwa wao akiwa Olonana, oloiboni yaani kiongozi wao wa kiroho, ambaye Wazungu walimwita Lenana. Ukaandikwa mkataba wa kuwaondoa katika malisho ya Bonde la Ufa, karibu na reli, na kuwaweka katika hifadhi mbili: moja Laikipia, nyingine kusini, huku iliko Kajiado ya leo. Mkataba uliahidi kudumu maadamu Wamaasai wapo. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 ukaja mwingine wa kuwatoa Laikipia na kuwasukuma wote kusini. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, katika kesi inayojulikana kwa jina la Ole Njogo, walishindwa.

Nimezikodolea macho tarehe hizi mara nyingi. Serikali iliandika kwa uangalifu siku ya kuwahamisha watu hawa. Siku za kuzaliwa kwao haikuona haja ya kuziandika.

Usajili wa lazima wa kuzaliwa kwa Waafrika ulianza kusambazwa mwaka wa uhuru, 1963, kuanzia Nairobi na wilaya chache, na haukufika nchi nzima hadi 1971. Koko wakati huo alikuwa binti mkubwa. Kitambulisho nacho kilikuwa cha wanaume kwanza, urithi wa kipande cha mkoloni ambacho mwanamume alilazimishwa kukivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Sheria ya usajili wa watu haikuwajumuisha wanawake hadi iliporekebishwa mwaka 1978.

Kwa hiyo wanawake wa rika lake walifika mbele ya karani wakiwa watu wazima, bila cheti, bila kadi ya kliniki, bila cheti cha ubatizo. Fomu ilikuwa na nafasi ya siku, ya mwezi na ya mwaka. Koko anasema karani alimtazama usoni, akawatazama watoto aliokuja nao, akaandika mwaka. Siku na mwezi hakuuliza.

Wala si watu wa Kajiado peke yao. Mzee Jomo Kenyatta, rais wa kwanza wa nchi hii, hakuijua siku yake ya kuzaliwa. Wanahistoria hukisia tu miaka ya 1890. Oktoba 20, tuliyoiadhimisha miaka mingi kwa jina lake, ilikuwa siku ya kukamatwa kwake mwaka 1952.

Umri ulikuwepo

Ni kosa kubwa kudhani kwamba watu hawa hawakujua umri. Sijui jamii iliyoujali umri kuliko Wamaasai.

Mwanamume huingia katika rika lake kwa enkipaata, kabla ya tohara. Baada ya miaka ya umorani huja eunoto, ananyolewa zile nywele ndefu, mara nyingi kwa mkono wa mama yake. Mwisho ni olng'esherr, anapopokea uzee. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza sherehe hizo tatu katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Septemba 2020 maelfu ya wanaume wa rika moja walikusanyika katika vilima vya Maparasha, hapa Kajiado, wakala nyama ya olng'esherr na kuvuka kuwa wazee.

Rika lina jina, na jina hilo humkaa mtu maisha yote. Ilterito, Ilnyang'usi, Iseuri, Ilkitoip: taja mojawapo mbele ya mzee wa Kimaasai, naye papo hapo atajua akusalimie vipi, akupe kiti kipi, na kama binti yako anaweza kuolewa na rafiki yake. Mwanamume haruhusiwi kumwoa binti wa mwanarika mwenzake, kwa kuwa huyo ni kama bintiye wa kumzaa. Umri hapo hauna mzaha.

> Mmaasai hakukosa umri. Alikosa karani.

Kinachokosekana katika hesabu hiyo ni siku, na hapo tusiidanganye nafsi. Rika moja hukusanya watu waliopishana miaka kumi na zaidi. Na wanawake hawana rika lao wenyewe. Hutajwa kwa rika la morani waliocheza nao ngoma walipokuwa wasichana. Koko alicheza na Iseuri. Hilo linatuambia kizazi chake, halituambii mwaka wake.

Mwaka hutafutwa kwingine, kwenye mvua na vifo vya ng'ombe. Kwa Kimaasai neno olari ni mwaka na ni majira ya mvua. Inkokua ni zile nyota ambazo sisi wa Kiswahili twaziita Kilimia, na ndilo jina la mvua ndefu zinazofuatana nazo. Waswahili wa pwani nao walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Mkulima wa Lamu na mfugaji wa Maparasha walisoma kalenda moja angani.

Juu ya kalenda hiyo zimepangwa alama ambazo familia yoyote ya huku inazo. Mwaka wa unga wa msaada. Mwaka aliofariki Kenyatta, 1978. Jua lilipopatwa mchana Februari 16, 1980, na kuku wakaenda kulala. Mahindi ya manjano ya 1984. Mvua za El Niño za 1997. Ukame wa 2009, ng'ombe walipoanguka kwenye foleni wakipelekwa kiwanda cha nyama cha KMC, Athi River, kilometa chache kutoka hapa Kitengela. Na ile Jumapili ya Juni 10, 2012, helikopta ilipoanguka Kibiku, Ngong, ikamuua waziri Profesa George Saitoti, naibu wake Orwa Ojode na wenzao wanne. Wapo watoto wa Kajiado waliozaliwa wiki hiyo, na mama zao hawataisahau.

Serikali yenyewe hutumia kalenda hiyo

Makarani wa sensa nchini Kenya hupewa kitabu cha mwongozo chenye kalenda ya matukio ya kila eneo. Wakikuta mzee asiyejua mwaka wake, wanamuuliza alikuwa wapi wakati wa njaa fulani au nzige fulani, kisha wanajaza umri. Ndivyo ilivyokuwa hata katika sensa ya Agosti 2019, iliyohesabu watu 1,117,840 katika Kaunti ya Kajiado na 154,436 katika mji wa Kitengela. Miaka kumi kabla yake, Kitengela ilikuwa na watu 58,167.

Basi nauliza: kama ushahidi wa mvua na njaa unatosha kuhesabu taifa, kwa nini hautoshi koko anapoomba mwaka wake urekebishwe?

Upande wa usajili una jibu, na si jibu la kupuuzwa. Sensa haimpi mtu kitu. Kitambulisho humpa kura, mkopo, ardhi na uraia. Namanga, mpakani na Tanzania, ni safari ya barabara moja tu kutoka hapa, na familia za Kimaasai zina ndugu pande zote mbili. Wapo vijana wanaopunguza miaka ili waajiriwe jeshini au polisi, na wapo wazee wanaoiongeza ili wapate pensheni. Katika soka udanganyifu wa umri ulikithiri hadi FIFA ikaanza kupima mifupa ya mkono kwa MRI katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17, Nigeria, mwaka 2009. Msajili akiamini kila hadithi ya ukame, wanasema, daftari litakuwa hadithi tupu.

Naelewa hofu hiyo. Lakini namba iliyomo daftarini sasa nayo ni hadithi, tena iliyotungwa na mtu aliyemwona koko kwa dakika tano. Mzee anayetaka kurekebisha huambiwa alete hati ya kiapo, barua ya chifu, tathmini ya umri kutoka kwa daktari, na nauli ya kwenda na kurudi ni yake. Kosa alilifanya karani, na gharama analipa mwenye kitambulisho. Hapo ndipo ninapokataa.

Msichana na meno yake

Kwa koko tunazungumzia fedha. Kwa msichana tunazungumzia mwili wake.

Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka mwenye kuoa na mwenye kuolewa wawe wametimiza miaka 18. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inapima adhabu kwa umri wa mtoto aliyenajisiwa: miaka 11 au chini yake, mkosaji hufungwa maisha, kuanzia 12 hadi 15, si chini ya miaka 20, kuanzia 16 hadi 18, si chini ya miaka 15. Siku moja ya kuzaliwa inaweza kutenganisha hukumu mbili.

Sasa msichana aliyeokolewa asiozwe hufikishwa mbele ya hakimu bila cheti cha kuzaliwa. Baba anasema amefikisha 18. Mama, akipata ujasiri, anasema alizaliwa mwaka wa ukame fulani. Daktari anaombwa atazame meno na mifupa, naye anatoa makadirio. Makadirio si tarehe, na wakili wa mshtakiwa anajua pa kupenyeza kisu.

Mahakama zetu zimekubali kwamba umri unaweza kuthibitishwa kwa njia nyingine: kadi ya kliniki, rekodi za shule, ushahidi wa mzazi. Ni nafuu kubwa. Hata hivyo mlezi yeyote wa wasichana waliookolewa Kajiado angeifurahia karatasi moja kuliko hoja kumi. Priscilla Nangurai, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya wasichana ya AIC mjini Kajiado, alijulikana nchi nzima kwa kuwapa hifadhi watoto waliokimbia kuozwa na kukeketwa. Kazi hiyo ilikuwa ngumu hata bila kubishana kuhusu mwaka wa kuzaliwa.

Kisheria, mtoto anapaswa kusajiliwa ndani ya miezi sita. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa. Aliyezaliwa hospitalini Kitengela mambo yake ni mepesi. Aliyezaliwa nyumbani kwa mkunga, siku nzima ya mguu kutoka kwa naibu wa chifu, husubiri hadi shule imdai cheti. Kufikia hapo mama yake ana watoto watatu wengine, na tarehe imeanza kufifia.

Pacha wa Kakuma na wa Seoul

Januari 1 ya kupewa haipo Kajiado tu. Wavulana wa Sudan Kusini waliotembea kwa miguu kuvuka mipaka wakafika kambi ya Kakuma, Turkana, mwaka 1992, walikuwa na hali hiyo. Maelfu kadhaa walipohamishiwa Marekani kuanzia mwishoni mwa mwaka 2000, wengi walisafiri na karatasi zenye siku moja ya kuzaliwa. Katika miji walikopelekwa, mwaka mpya ukawa sherehe yao ya pamoja, na baadhi yao huisherehekea hivyo hadi leo.

Korea Kusini ilikuwa na desturi ya zamani iliyomwongezea kila mtu mwaka mmoja Januari 1, hata mtoto aliyezaliwa jana yake. Juni 2023 sheria mpya ilianza kutumika, na kiserikali watu wakarudi kuhesabiwa kwa siku zao halisi. Mamilioni wakapunguziwa mwaka mmoja au miwili kwa tangazo moja. Hakuna aliyetumwa kwa daktari wa meno.

Kalamu mezani

Wiki mbili baada ya mwaka mpya nilikwenda Maparasha na jirani yangu. Tulibeba karatasi ya hati ya kiapo yenye nafasi tupu, ili koko atangulie kuijaza kabla ya kwenda kwa chifu. Mke mwenzake alikuwepo, ameketi kwenye kivuli cha mgunga akishona shanga.

Niliuliza juu ya mwaka. Koko akasema ni ule mwaka kabla ya ng'ombe wa baba yake kuhamishiwa kwenye malisho ya mlimani. Mke mwenzake akatikisa kichwa bila kuinua macho kwenye shanga. Kuhama kulitangulia, akasema. Mtoto alizaliwa baadaye, njiani, na mama yake koko ndiye aliyesimulia hivyo siku ya arusi. Koko akapinga. Ikatajwa mvua iliyobomoa boma. Ikatajwa ndama mwenye baka jeupe. Akaitwa mzee wa boma la pili, wa rika la Iseuri, aje aseme anachokijua.

Nikaweka kalamu chini, nikangoja waafikiane.